Machozi ya Mwanafunzi wa Utabibu

Wako watu wengi, na miongoni mwao waalimu wenye elimu na wazee wenye heshima, waaminio kwamba kijana aliyeingia katika kazi ya utabibu amekwisha kuitoa nafsi yake katika hesabu ya wanaougua, na kwamba akionekana akilia wodini, au akikesha kwa fadhaa, hiyo ni dalili tosha kuwa kazi ile hakuumbiwa. Itikadi hiyo naikataa, wala siikatai kwa huruma tupu.

Machi 2020, serikali ya Kenya ilipofunga vyuo kwa ajili ya korona, wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC) waliokuwa Migori na Homa Bay walirejea makwao, na huko jirani walikuwa wamekwisha kuwapa cheo cha daktari, wakiwauliza habari za maradhi ambayo ulimwengu mzima ulikuwa haujayajua. Julai ikaja habari ya muuguzi wa kaunti ya Homa Bay aliyefariki kwa korona muda mfupi baada ya kujifungua. Kisha Juni 2021, maambukizi yalipoenea pande za ziwa, kaunti 13, hizi mbili zikiwamo, ziliwekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni, na mazishi, ambayo kwa Wajaluo ni jambo la siku nyingi na umati mkubwa, yakaamriwa yamalizike ndani ya saa 72. Basi yule aliyemwona mgonjwa akitweta mchana kutwa kwa kukosa hewa, na usiku akazuiwa asimlilie mjomba wake matangani, ndiye tumwambie ajikaze?

Husemwa kuwa ukali humkomaza tabibu. La hasha, hukomaza uficho tu, kwani aliyezoea kuinyamazisha nafsi yake hatakawia kuacha kumsikia mzazi mwenye uchungu anaposema kwamba yamemzidi.

Na sheria nayo iliitia nguvu dhana hii ya kujikaza na kuficha: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha Januari 2025, maana yake, katika miaka ile ya korona, kijana aliyelemewa hadi akafika ukingo huo, akimweleza mtu, alikuwa anakiri jinai.

Ninalolidai kwa kila chuo ni chumba cha faragha, na ndani yake mshauri asiyekuwa miongoni mwa watahini, ili kijana akiisha kusema yaliyo moyoni atoke bila hofu kwamba maneno yake yatamfuata hadi siku ya kupewa cheti.