Mbaazi za Watu Wawili

Twasikia jamaa waliotoka Mombasa na Lamu kuja Nakuru wakilalamika kwamba mbaazi za huku haziivi. Si kosa la mbaazi. Mji huu umeinuka kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, si 100 kama pwani. Ndiyo maana makaa huteketea na chungu bado.

Mzee aliyebaki peke yake, au mume na mke ambao watoto wameshaondoka, huiona taabu hiyo haifai kwa sahani mbili. Basi kila jioni huwa chai na mkate, na mwili hudhoofu.

Twawausia sufuria ya presha, ambayo hufungia mvuke hata joto la maji likapita nyuzi 100. Kikombe kimoja cha mbaazi kavu kirowekwe usiku kucha, kisha kitiwe vikombe vitatu vya maji mapya. Sufuria isijazwe kupita nusu. Ikianza kupiga mluzi, moto upunguzwe. Dakika 20 hivi zatosha. Iepuliwe, na isifunguliwe mpaka presha ishuke yenyewe. Tui, kitunguu, bizari na chumvi vitiwe mwisho, kwa moto mdogo, bila kifuniko. Zikibaki, ni za mahamri asubuhi.

Nanyi mlio na mzazi anayeishi peke yake, msimpelekee sukari na majani ya chai tu. Mpelekeeni sufuria hiyo, mkapike naye mara mbili tatu, hata hofu ya mluzi imtoke.