Lugha Hukuzwa Mezani Pia: Funzo Kutoka Tokyo

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya majukwaa ya siasa na ya soko la nyanya, lakini hakifai mahali palipotandikwa kitambaa cheupe mezani. Ndiyo maana katika hoteli nyingi za Nairobi orodha ya vyakula huandikwa kwa Kiingereza kitupu, na mteja anayeagiza kwa Kiswahili sanifu hutazamwa kana kwamba amepotea njia. Dhana hiyo ni potofu, na ushahidi nitakaoutoa leo hautoki Lamu wala Unguja, bali Tokyo, mji mkuu wa Japani.

Tokyo ni jiji la walaji. Tangu waandalizi wa mwongozo wa Michelin walipoanza kuzipima meza zake mwaka wa 2007, jiji hilo limetunukiwa nyota nyingi kuliko jingine lolote duniani. Humo hupatikana mvinyo wa Ufaransa, tambi za Italia, kahawa ya Brazil na hata ya Kenya. Hata hivyo, shughuli yote hiyo huendeshwa kwa Kijapani. Mhudumu humkaribisha mgeni kwa Kijapani. Mlaji, kabla ya kutia tonge kinywani, hutamka "itadakimasu", yaani napokea kwa unyenyekevu, na akiisha kushiba hushukuru kwa neno "gochisosama". Adabu hizo hazibadiliki kwa kuwa chakula kimetoka ng'ambo.

Tuitazame kahawa. Kinywaji hiki si cha Wajapani. Waliletewa na Waholanzi, ambao kwa zaidi ya miaka 200 ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara nchini humo, tena wakizuiliwa katika kisiwa kidogo cha Dejima huko Nagasaki. Neno la Kiholanzi "koffie" likageuka "kohi", na msomi Udagawa Yoan (1798-1846) ndiye anayetajwa kuwa alilibunia herufi mbili za kuliandikia. Mwaka wa 1888 nyumba ya kahawa iitwayo Kahiichakan ilifunguliwa katika mtaa wa Ueno. Mwaka wa 1911 ikafuata Café Paulista, mtaani Ginza, iliyouza kahawa ya Brazil, nchi ambayo Wajapani walikuwa wameanza kuhamia mwaka wa 1908. Mtaani humo humo, mwaka wa 1948, Sekiguchi Ichiro alianzisha Café de l'Ambre, nyumba iliyopata sifa kwa kahawa ya buni zilizohifadhiwa miaka mingi. Mzee huyo alifariki mwaka wa 2018 akiwa na umri wa miaka 103, na maisha yake yote aliitia kahawa heshima ambayo Wajapani huitia chai.

Nyumba za namna hiyo huitwa "kissaten", neno ambalo maana yake ya asili ni duka la kunywea chai, ingawa wengi huingia humo kwa ajili ya kahawa. Msomaji asicheke. Neno letu "mkahawa" limetokana na kahawa, nayo kahawa ni neno la Kiarabu. Lakini ingia katika mkahawa wowote wa Kisumu au Nakuru uone kama wateja hawanywi chai! Sisi tulilichukua neno la wageni, tukalipachika kiambishi cha ngeli yetu, likazaa "mikahawa". Lugha iliyo hai haiulizi neno limezaliwa wapi. Hulifunza adabu za nyumbani kwanza.

Hapa ndipo Kijapani na Kiswahili hufanana kama ndugu waliolelewa mbali mbali. Lugha zote mbili hupenda silabi zinazoishia kwa irabu. Kile tunachokiita hoteli, wao hukiita "hoteru". Mifano ya vyakula inayopangwa kwenye madirisha ya mikahawa yao, iliyofinyangwa ikaonekana kama chakula chenyewe, huitwa "sampuru", nasi tunasema sampuli. Keki kwao ni "keki", ila irabu ya kwanza huvutwa kidogo. Nayo kahawa ya Tanzania huuzwa kwa jina "Kirimanjaro", kwa sababu Kijapani hakitofautishi sauti ya L na ya R. Isitoshe, maneno ya kigeni huandikwa kwa hati maalumu, katakana, ili msomaji ajue kwamba huyu ni mgeni aliyekwisha kupewa kiti.

Mvinyo nao una kisa chake. Wareno walifika Mombasa mwaka wa 1498, na kufikia mwaka wa 1543 walikuwa wamekanyaga kisiwa cha Tanegashima, Japani. Kwetu waliacha mvinyo na meza. Kwa Wajapani waliacha "pan", yaani mkate. Mvinyo wenyewe Wajapani waliuita kwanza "budoshu", pombe ya zabibu, kisha jina la "wain" likaenea. Lakini hawakutosheka kuununua. Mwaka wa 1877 kampuni moja ya mkoa wa Yamanashi iliwatuma vijana wawili Ufaransa wakajifunze kuutengeneza, na leo zabibu ya mkoa huo iitwayo koshu imeorodheshwa kimataifa tangu 2010. Mwaka wa 2018 ilianza kutumika kanuni kwamba chupa haiwezi kuitwa "Nihon wain", mvinyo wa Japani, ila zabibu zake zote ziwe zimekuzwa nchini humo. Tazama jinsi maana ya maneno mawili inavyolinda jasho la mkulima!

Na ni nani aliyewafundisha watu wa kawaida kuonja? Si maprofesa peke yao. Hadithi ya vibonzo iitwayo Kami no Shizuku, iliyoanza kuchapishwa mwaka wa 2004, ilieleza mivinyo ya Ufaransa kwa Kijapani kinachosomwa garini na mfanyakazi anayerudi nyumbani. Mtu asidhani namhimiza anywe mvinyo. Walioharamishiwa na dini wana haki yao, na wanafunzi hawana ruhusa. Ninachokisifu ni lugha iliyothubutu kuyaeleza mambo ya wengine kwa maneno yake.

Wajapani wanapoonja kahawa au mvinyo husema juu ya "nigami", uchungu, "sanmi", uchachu, na "koku", ule uzito wa ladha unaobaki ulimini. Je, Kiswahili kimepungukiwa? La hasha. Tuna uchungu, uchachu, ukali na ugwadu. Tunao ukakasi, ile hali ya kukwaruza ulimi inayomjua kila mtoto aliyewahi kuuma ndizi mbichi au bibo, na ambayo wajuzi wa mvinyo huitafuta katika mvinyo mwekundu. Mzee wa Mombasa anayemimina kahawa chungu kutoka katika dele haazimi neno la mtu kuisifu.

Jambo hili si la mapambo. Mkulima wa Nyeri au Kirinyaga, ambaye babu yake alizuiwa na serikali ya kikoloni kuikuza kahawa kwa miaka mingi, leo huchuma buni na kuipeleka kiwandani. Daraja za AA na AB, zinazotegemea ukubwa wa punje, anazijua. Lakini sifa za ladha, ambazo ndizo zinazomfanya mnunuzi wa Tokyo aongeze bei, hutajwa kwa Kiingereza katika vyumba asivyoingia. Asiyejua jina la kile anachokiuza atabishania bei vipi?

Yamkini mpinzani atasema kwamba Kijapani chenyewe kimefurikwa na Kiingereza. Ni kweli, na wenyewe hulalamika. Mwaka wa 2013 mtazamaji mmoja alilishtaki shirika la utangazaji la NHK kwa wingi wa maneno ya kigeni, ingawa mahakama iliitupa kesi hiyo. Lakini angalia wanavyoyatumia: wali ukipakuliwa katika bakuli huitwa "gohan", ukipakuliwa katika sahani pamoja na chakula cha Kizungu huitwa "raisu". Neno la kigeni limepewa kazi yake, la asili halikufukuzwa. Sisi, wenye mpunga, mchele na wali, twaweza kushindwaje?

Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi walimu wawape wanafunzi kazi ya kukusanya majina ya ladha kwa wazazi na wakulima wao, na kuyaandikia insha. Vyuo vinavyofunza wahudumu wa hoteli vifunze pia kuandika orodha ya vyakula kwa Kiswahili. Na vyama vya ushirika viwaonjeshe wakulima kahawa yao wenyewe, kisha wawaeleze kwa lugha wanayoielewa ni kwa nini wageni huilipia ghali.