Ukitaka Litungu Likutaje, Toa Kitu

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Nikisema hivyo hapa chuoni wengi husikia "hana kazi", na nyumbani Gorong'a, kule Tarime, baba yangu mkubwa alishaniuliza mbele za watu: huyo unayejitegemea, bumu likichelewa mbona unanipigia mimi? Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lake bado ninalo.

Ngoja niwaambie mwezi wangu unavyokwenda. Nasikiliza sauti za mahojiano ya watafiti na kuziandika neno kwa neno, na kwa kuwa najua Kikurya, natafsiri pia. Nasahihisha ripoti za miradi ambazo aliyeziandika hakuzisoma. Naandika barua za maombi ya kazi, maneno ya kadi za michango ya harusi, matangazo ya duka la simu. Naandika wasifu wa marehemu, na hizo ndizo kazi ngumu kuliko zote, maana simu huja usiku, mazishi kesho, na familia haijakubaliana marehemu alikuwa na watoto wangapi. Mara mojamoja natuma habari gazetini. Hiyo hulipwa ikishatoka, siyo ikishaandikwa. Waandishi wengi wa mikoani wanaishi hivyohivyo: bodaboda yako, bando lako, siku nzima yako, na habari isipotoka hasara ni yako. Halafu tunashangaa kwa nini bahasha ya kaki ina nguvu kwenye semina!

Kazi hizo ndizo zinazolipia ile ninayoipenda. Kwa karibu miaka miwili sasa naandika hadithi ya mfululizo, naituma kwenye kundi la simu kila Alhamisi. Wasomaji wengi wako Sirari, Nyamongo na Tarime mjini, wachache Dar. Sehemu moja ni shilingi 500, unatuma kwanza ndipo usome.

Namna ya kuiandika nimeichukua kwenye litungu. Kwa msomaji asiyelijua, litungu ni ala yetu Wakurya ya nyuzi nane, kubwa, sauti yake nzito. Mpigaji mzuri hapigi wimbo ukaisha kama ulivyoanza. Anaukata katikati, anamsalimia mtu aliyeingia sasa hivi, anamtania, anataja ukoo wake, halafu anarudi palepale alipoachia kama vile hakuna kilichotokea. Ukitaka jina lako liingie, toa kitu. Nikajiuliza: hadithi ya kuandikwa haiwezi kufanya hivyo? Nikaanza kukata simulizi pale panapowaka ili nimsalimie aliyelipa wiki hiyo. Baada ya sehemu kama sita, majina yale yakaanza kufanya mambo ndani ya hadithi. Fundi pikipiki mmoja akawa shahidi wa mauaji. Mwingine akaniandikia akitaka shemeji yake afe kwenye sehemu ya 20. Nilimwambia hiyo bei yake ni nyingine.

Jaribio jingine lilikuwa kuwasomea kwa sauti wazee ambao macho hayaruhusu. Nikagundua kwamba sentensi zangu nyingi nilizojivunia hazisomeki kwa pumzi moja. Sasa sentensi isiyopita mdomoni haipiti. La tatu, wahusika wangu wakigombana wanagombana kwa Kikurya, bila tafsiri. Wasomaji wa Dar walilalamika sana, wawili wakaondoka. Sijabadilisha. Hapo sina hoja ya kitaalamu, napenda tu.

Nasimulia haya kwa sababu tunapozungumzia ubunifu darasani, hatuulizi nani alilipia muda wake. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwani, alitupa ushairi huru wa *Kichomi* mwaka 1974, kisha akaivunjavunja riwaya kwa *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991). Alikuwa mhadhiri, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Abdulrazak Gurnah alifundisha chuo kikuu cha Kent kwa miaka mingi kabla ya Nobel ya 2021. Sisemi mshahara ndio ulioandika vitabu hivyo. Nasema chakula cha jioni kilikuwa na uhakika.

Walioishi kwa mfuko wa msomaji tumefundishwa kuwataja kwa mkato: fasihi pendwa, basi, tunaendelea. Ben Mtobwa alimtembeza mpelelezi wake Joram Kiango kitabu baada ya kitabu, na akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Eric Shigongo alijijengea jeshi la wasomaji kwa hadithi za mfululizo magazetini. Kwa mtu anayetaka kula kwa kalamu, hao nao ni walimu. Wanajua mahali pa kukata sura ili mtu arudi wiki ijayo na pesa yake. Hilo nalo ni ufundi, tena mgumu, na sijaona likitahiniwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kwa anayejua kuandika, kazi inayolipa kuliko zote hapa chuoni ni kumwandikia mwenzako utafiti wake. Muhula uliopita nilipewa ofa ya laki mbili na nusu, nusu mkononi siku ileile, na nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Nilikataa. Siyo kwamba mimi ni mtakatifu. Aliyeniomba anasomea ualimu, na mdogo wangu yuko kidato cha pili. Wiki hiyohiyo mwenzetu mmoja akaniomba nimwandikie hotuba ya kampeni. Malipo? "Tutakutangaza, mwanangu."

Tazama hesabu hiyo. Uongo una bei, tena una na kianzio. Ukweli wenye jina langu juu yake unalipwa kwa kutangazwa. Na kila ninapoandika hotuba ya bure, zile saa tatu zinatoka kwenye Alhamisi yangu. Hazitoki kwenye kazi ya duka la simu, maana duka linalipa. Kinachokufa kwanza ni majaribio.

Wanaoanza, kubalianeni bei kabla ya neno la kwanza, na chukueni nusu. Mteja akikata kodi ya zuio ya asilimia 5, mdai karatasi yake. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi yako tangu unapoiandika, si lazima uisajili kwanza, ila kwenye makundi ya simu weka jina na tarehe ndani ya maandishi yenyewe, maana hadithi zetu zinatembea bila wenyewe. Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ni jambo jema, shindaneni. Lakini tuzo ni mvua ya mara moja kwa mwaka, tena inanyesha kwenye mashamba ya wachache.

Na serikali yetu ya wanafunzi ianzie hapahapa. Bajeti ya jarida hili inamlipa mpiga chapa na anayepanga kurasa, na kikao cha wahariri kinapata soda. Mwandishi anapata nakala moja. Napendekeza shilingi 10,000 kwa ukurasa, iandikwe kwenye bajeti ya muhula ujao. Najua kitakachosemwa: watu wataandika kwa ajili ya pesa, mapenzi yataisha. Mpiga litungu wa kwetu anakuja kwa ajili ya pesa, anapiga mpaka alfajiri, na sijawahi kusikia mtu akisema hapendi anachokifanya.

Hii ya leo nimewapa bure. Ijayo itakuja na ankara.