Debe Moja la Mahindi

Ndugu wanakisomo, leo nataka tuzungumze juu ya chakula cha mchana shuleni. Jambo hili linaleta ugomvi katika vijiji vingi. Mimi nina maoni yangu, nanyi mtakuwa na yenu. Someni, kisha mjadiliane darasani.

Nilikwenda kutembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Jina la kijiji sitalitaja. Darasa hilo hukutana jioni katika shule ya msingi, lakini siku hiyo niliwahi. Nilifika saa saba mchana. Niliwakuta watoto wamepanga mstari chini ya mbuyu, kila mmoja ameshika sahani au bakuli. Mpishi alikuwa anapakua makande. Pembeni, karibu na ukuta wa darasa, walikaa watoto wengine kama thelathini. Hao hawakuwa na sahani. Nilimwuliza mwalimu wa zamu, "Hawa vipi?" Akanijibu, "Wazazi wao hawajaleta mahindi."

Watoto wale walikuwa wanawatazama wenzao wakila. Mmoja alikuwa anachora chini kwa kijiti. Hakuinua macho.

Jioni niliwauliza wanakisomo. Mama mmoja alisema, "Mwalimu, mimi nimetoa. Kwa nini mahindi yangu yaliwe na mtoto wa mtu aliyekataa kutoa?" Mzee mmoja alisema, "Serikali ilitangaza elimu ni bure. Basi na chakula ni bure." Baba mmoja aliyekaa nyuma alisema hatoi tena, kwa sababu hajui mahindi ya mwaka uliopita yalikwenda wapi.

Tuanze na mzee. Ni kweli ada ilifutwa. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Serikali ilitenga shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Fedha hizo ni za vitabu, chaki, mitihani na matengenezo. Si za chakula. Hebu gawanya shilingi 10,000 kwa siku 194 za masomo. Utapata shilingi 51 na kidogo kwa siku. Huwezi kumlisha mtoto kwa fedha hiyo. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliwaachia wazazi kazi ya kutoa sare, madaftari na chakula. Kwa hiyo, mzee wangu, kwa heshima yote, hapo umekosea.

Je, mzigo huo ni mkubwa? Chukua kalamu. Tuseme mtoto anakula gramu 100 za mahindi na gramu 50 za maharage kwa siku. Kwa siku 194 atakula mahindi kilo 19 na nusu hivi. Hilo ni kama debe moja. Maharage hayafiki kilo 10. Hiyo ni nusu debe. Mwenye mtoto mmoja hawezi kusema ameonewa. Mwenye watoto watano shuleni ana kazi, na huyo tusimcheke.

Liko jambo jingine. Kamati ya shule ile ilitaka mahindi tu. Lakini Dodoma mvua ni haba, na mahindi hukauka upesi. Wazazi wengine walikuwa wamelima mtama na uwele, kama wataalamu wa kilimo wanavyoshauri. Walifuata ushauri, wakavuna, kisha wakaambiwa mazao yao hayafai! Mimi naona hapo kamati ilikosea. Uji wa uwele ni chakula. Ugali wa mtama ni chakula. Wazee wanaokumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 hawahitaji kufundishwa hayo.

Sasa tumjibu mama. Uchungu wake naujua, kwa sababu amelima kwa jembe la mkono. Lakini deni ni la mzazi, si la mtoto. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza watoto kufukuzwa shule kwa ajili ya michango. Kumkalisha mtoto ukutani na njaa yake si kumfukuza, lakini kesho yake hatakuja. Watoto wote wale. Mzazi mwenye deni aitwe mbele ya serikali ya kijiji. Kama hana kitu kabisa, alete kuni au achote maji ya jikoni. Kazi hizo zipo kila siku, na mpishi peke yake haziwezi.

Nilimwacha baba wa nyuma mpaka mwisho, kwa sababu swali lake lilitupa kazi usiku ule. Tulichukua taa, tukaenda wote kwenye ubao wa matangazo. Palikuwa na karatasi ya mwaka uliopita. Ilisema mahindi yaliyopokelewa ni magunia 14 ya kilo 100, kutoka kwa wazazi wa watoto 280. Matumizi hayakuandikwa.

Tulirudi darasani, tukapiga hesabu ubaoni. Magunia 14 ni kilo 1,400. Maana yake kila mtoto alitolewa kilo 5. Watoto 280 wakila gramu 100 kila mmoja, wanamaliza kilo 28 kwa siku. Kilo 1,400 ukigawa kwa 28, unapata siku 50. Na ndivyo ilivyokuwa. Wote walikumbuka kwamba chakula kilikwisha baada ya wiki kumi za masomo.

Baba yule alitazama hesabu kwa muda mrefu. Alikuwa ameifanya mwenyewe kwenye daftari lake.

"Basi yaliliwa," akasema. "Lakini mwaka huu nataka niyaone yameandikwa. Yaliyoingia na yaliyotoka."

Mwenyekiti wa kamati naye ni mwanakisomo wa darasa lile. Aliomba aazimwe kalamu.