Ile 95 kwa 100 si ya Kila Mutu



Mara nyingi tunasikia wenzetu wa kilasi ya sita wakisoma intervale ya konfianse kama tangazo: “Wanafunzi 95 kwa 100 wako kati ya namba hizi mbili.” Hapana! Tunakataa, sababu kusoma vile kunaweza kuumiza watu.

Tuchukue njia ya kuja masomo. Tuseme wanafunzi wanaolala kwao ni 600. Tunapiga kura, tunatoa majina 36, tunauliza kila mumoja anatembea dakika ngapi. Wastani ni 55. Ekartipe, ndiyo kipimo cha namna wanaachana, ni 24. Gawanya 24 kwa 6, mzizi wa 36: unapata 4. Zidisha karibu mara 2: ni 8. Basi intervale ni dakika 47 mpaka 63.

Sasa mutu akisema karibu wote wanatembea dakika 47 mpaka 63, yule wa ngambo ya mto, mwenye kutembea masaa mawili, ataitwa muvivu. Na sisi viongozi wa wanafunzi, wenye kuandika majina ya wanaochelewa, tutamwandika kila siku! Kumbe ile 24 inaonyesha wazi kwamba wengi wako inje ya namba hizo. Intervale inasema juu ya wastani wa wote 600, basi.

Na 95 je? Ni ya njia ya kazi. Tukirudilia kura mara 100, tutapata intervale zisizofanana, na karibu 95 zitashika wastani wa kweli. Hii moja ya kwetu imeshika ao haikushika. Jerzy Neyman, aliyetoa mafundisho haya katika 1937, alisema vilevile.

Wengine watasema: muulize wote 600, mambo yaishe. Kwa masomo inawezekana. Lakini inchi yetu ilihesabu watu wote mara ya mwisho katika 1984. Tangu hapo namba nyingi juu ya watoto, chakula na magonjwa zinatoka kwa wachache waliochaguliwa. Lazima tujue kuzisoma.

Kura ya njia tunataka kuifanya kweli, mbele ya kuzungumza tena juu ya saa ya kengele. Mwenye kutaka intervale nusu ya ile ajue: si majina 72, ni 144. Wenye kalamu na daftari waje kutusaidia kuuliza, siku ya tano, nyuma ya masomo.