Kabla ya Kumwambia Mgonjwa "Fanya Mazoezi"

Kila mguu wa binadamu una mifupa 26. Niliisoma chuoni, nikaikariri kwa majina, nikaifanyia mtihani na kufaulu. Hata hivyo, jioni moja mjini Korogwe, mbele ya mashahidi tisa na kuku mmoja, mifupa yangu yote 52 ilikataa kwa kauli moja kunitii. Mwalimu alisema, "Mguu wa kushoto mbele." Nikapeleka wa kulia. Bibi niliyeshikana naye mikono akatoa mguno wa mtu aliyechomwa sindano bila kuonywa. Nilikuwa nimemkanyaga kidole gumba, tena kwa viatu vya kazini.

Msomaji ana ruhusa ya kucheka. Lakini sikuandika makala haya kwa ajili ya kicheko. Mimi ni tabibu, nina umri wa miaka 54, nafanya kazi wilayani Handeni, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiwapa wagonjwa maneno mawili ambayo leo nayaona kuwa ni dawa iliyotolewa bila kipimo: "Fanya mazoezi."

Nianze na kosa langu. Mwaka jana alikuja kliniki mama mmoja mtu mzima, mwenye kisukari na shinikizo la damu. Nilipomaliza kumwandikia dawa nikamwambia yale maneno yangu mawili. Akauliza kwa upole, "Mazoezi gani, baba?" Foleni ilikuwa ndefu, jua limeshapanda, nami nikajibu bila kuinua macho: "Yoyote tu, mama. Hata kucheza muziki." Mlango ulikuwa wazi. Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao. Yeye akaifunga kadi yake kwenye pindo la kanga, akaaga kwa heshima, akaondoka. Tarehe yake ya kurudi ilipofika hakuonekana, wala ya mwezi uliofuata.

Haikupita miezi mitatu, mwenzangu kazini akanipima. Kipimo kikasoma 158 kwa 96. Tukarudia siku nyingine mbili, hali ikawa ile ile. Naye, huku akiandika, akaniambia: "Anza dawa, punguza chumvi, fanya mazoezi." Nikajikuta nauliza: "Mazoezi gani?" Akacheka. Siku hiyo nilimkumbuka yule mama, lakini nilimkumbuka kwa dakika moja tu. Somo lenyewe lilikuwa bado.

Kwa bahati, wakati huo nilikuwa namwoza binti wa marehemu kaka yangu, na kamati ya harusi ilikuwa imeshaamua kwamba baba mdogo ndiye atakayefungua muziki pamoja na bibi harusi. Rafiki akanieleza kuwa Korogwe yupo mzee mstaafu anayefundisha dansi la zamani uani kwake kila Jumamosi jioni. Kutoka Handeni mpaka Korogwe ni takribani kilomita 65. Nikaona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja: shinikizo la damu na aibu ya ukumbini.

Wapo watakaoshangaa kusikia walzi na foksitroti zikitajwa Korogwe. Wasishangae. Mkoa wa Tanga ni miongoni mwa mahali ambapo dansi lilitia mizizi mapema katika nchi yetu. Katika miaka ya 1920 na 1930 vijana wa mijini waliunda vilabu vya dansi, wakivaa suti na kuhesabu hatua kwa makini, na baadaye santuri kutoka Kuba zikawaletea rumba. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Tanga mjini zikavuma Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na hii ya pili ilitangulia kuitwa Nyamwezi Jazz, jina linalotukumbusha watu waliotoka mbali kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mwalimu wangu ni zao la ulimwengu huo. Aliwahi kuniambia kuwa, enzi zao, mtu aliweza kukosa nauli lakini hakukosa viatu vya dansi.

Mimi nilikuwa na nauli. Viatu, kama nilivyosema, vilikuwa vya kazini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutazama miguu. "Daktari," mzee aliniambia, kwa maana huku kwetu kila avaaye koti jeupe ni daktari, "miguu yako haijapotea. Tazama mbele." Nikatazama mbele, nikaingia kwenye ndoo ya maji. Kosa la pili lilikuwa mkono. Badala ya kuushika mkono wa bibi, ambaye ni mke wa mwalimu, kwa namna ya mchezaji, nilikuwa nimemshika kifundo kama apimaye mapigo ya moyo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yanasemaje, mwanangu? Nitapona?"

Kosa la tatu ndilo lililonipa jina. Walzi huhesabiwa moja, mbili, tatu, na mapigo yake hayazidi 90 kwa dakika. Mimi nimezoea kuhesabu kwa sauti ninapofundisha kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kazi inayotaka mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Basi nikawa nahesabu hivyo hivyo, nikimburuta bibi wa watu uani kwa kasi ya wodi ya dharura. Akasimama, akapumua, akasema: "Taratibu, mwanangu. Mimi bado sijafa." Uani pote wakaangua kicheko. Tangu hapo vijana wakaniita Daktari wa Dharura.

Nilicheka pamoja nao. Lakini njiani, nikirudi Handeni, kicheko kile kilinikaa kifuani. Jumamosi iliyofuata nikajiambia nina kazi nyingi. Iliyofuata nikajiambia kuna mvua. Mvua haikuwapo.

Siku ya Jumatatu nikapokea ujumbe wa simu kutoka kwa mwalimu: "Daktari, tulikukosa. Jumamosi tutaanza na hatua moja tu." Hakuuliza kwa nini sikwenda, wala hakunikaripia. Nilikaa na simu mkononi, na hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama ipasavyo. Aliniuliza swali la haki, akajibiwa kwa mzaha, akachekwa mbele za watu. Mimi, mtu mzima mwenye cheo na mshahara, nilikimbia kicheko cha watu walionipenda. Yeye angeshindwaje kukimbia changu? Na nani alimtumia ujumbe wa kumwambia kuwa tulimkosa?

Hoja yangu kwa watumishi wenzangu ni hii: ushauri wa mazoezi ni tiba, na tiba haikamiliki mpaka itajwe aina, kipimo, siku na tahadhari. Hatumwambii mgonjwa "meza vidonge" tukanyamaza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Tukizigawa 150 kwa siku tano, ni dakika 30 kwa siku. Wastani maana yake ni kwamba mtu anaweza kuzungumza anapofanya zoezi, lakini hawezi kuimba. Kwa wazee, mwongozo huo huo unataka pia mazoezi ya nguvu na ya kutuliza mizani ya mwili walau siku tatu kwa wiki, ili wasianguke. Maelezo hayo huchukua dakika moja. Najua foleni zetu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejificha nyuma ya foleni. Dakika hiyo ipo.

Dansi lina nafasi yake katika tiba hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofuatilia wazee 469 wa New York waliozidi umri wa miaka 75, ulionyesha kuwa, kati ya burudani za kutumia mwili walizochunguza, ni dansi peke yake lililohusishwa na upungufu wa ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni. Hilo halithibitishi kuwa dansi ndilo lililowakinga. Yawezekana wenye akili timamu ndio waliodumu kucheza. Lakini mtu anayekumbuka hatua, anayesikiliza muziki na kumwangalia mwenzake asimkanyage, anautumia mwili na ubongo kwa pamoja. Hilo nalishuhudia mimi niliyeshindwa yote matatu.

Ipo hofu kwamba dansi ni mambo ya baa na anasa. Naiheshimu hofu hiyo. Asiyetaka dansi ana ngoma za kwao, ana kwaya, ana jembe, ana njia ya kwenda sokoni kwa miguu. Mume na mke wanaweza kucheza sebuleni mlango ukiwa umefungwa. Kinachotakiwa ni mwendo ambao mtu ataurudia kesho kwa hiari yake.

Na kwako msomaji uliye mgonjwa: uliza. Swali la "mazoezi gani?" ni swali la haki, na mtumishi akijibu ovyo, uliza tena. Kama shinikizo lako limefika 180 kwa 110 au zaidi, lisubiri lishuke kabla ya kuanza. Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari mno, kula kwanza na uwe na kitu kitamu karibu. Kama miguu ina ganzi, usicheze pekupeku, na kila jioni kagua nyayo zako. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, acha papo hapo, keti, na utafute msaada.

Nilirudi Korogwe. Tukaanza na hatua moja, kama nilivyoahidiwa, nikairudia mpaka kuku wa pale wakaizoea. Siku ya harusi nilifungua muziki, nikalikanyaga gauni la bibi harusi mara moja tu, na kamati ikahesabu hayo kuwa ni mafanikio.

Lakini kabla ya harusi nilifanya safari nyingine fupi zaidi. Nilimwomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii amwulize yule mama kama ningeruhusiwa kumtembelea. Akaniruhusu. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza alichotaka kujua siku ile: magoti yalikuwa yakimuuma, na alitaka kuambiwa kama kubeba maji kutoka kisimani ni mazoezi au ni madhara. Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Ndipo akaongeza, akitabasamu, kuwa ujanani yeye ndiye aliyekuwa akiongoza wanawake wenzake katika ngoma, na kwamba hakuhitaji kufundishwa kucheza na mtu kama mimi.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilimcheka mchezaji nyumbani kwake. Sasa amerudi kliniki. Sukari yake haijashuka kama tunavyotaka, na magoti bado yanamsumbua, ila tumepunguza uzito wa ndoo na kuongeza matembezi ya asubuhi. Kadi yake ina tarehe nne mfululizo zilizotiwa alama. Kila anapoingia, nafunga mlango kwanza, nainua macho, kisha namuuliza: "Mama, tulifikia hatua gani?"