Mizani ya Kodi ya Majengo

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo katika Tanzania hukusanywa kwa mita ya umeme. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa: jengo la kawaida shilingi 18,000 kwa mwaka, na jengo la ghorofa mijini shilingi 90,000 kwa kila ghorofa. Yasemwa kwamba huu ndio usawa. Usawa gani? Duka la Kariakoo lisilo la ghorofa, liletalo faida kila siku, hutozwa sawasawa na nyumba ya mjane wa Mbagala, ambayo haimpi ila mahali pa kulala.

Watetezi husema kuthamini majengo ni kazi ya gharama kubwa. Ni kweli, lakini hilo si jibu. Kupambanua duka na maskani hakuhitaji mthamini. Leseni ya biashara hutaja mahali pa biashara, nayo hutolewa na serikali yenyewe.

Tena kodi hii ni deni la mwenye mali, lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji. Ameambiwa apatane na mwenye nyumba: mtu yule yule awezaye kumtoa kesho.